Uzi Hufumuliwa, Jino Halirudi

Bibi yangu mzaa mama alinifundisha kufuma nikiwa na miaka 7. Kwetu ni Njombe, na Njombe ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba watu hukaa jikoni karibu na moto, na mikono isiyo na kazi huonekana upesi. Bibi hakupenda kuona mikono ya mtu imekaa bure. Alinipa sindano ya kroshia na bonge la uzi mweupe, akanionyesha kitanzi cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha akaendelea na kazi yake kana kwamba mimi tayari ni fundi.

Vitambaa vya bibi vilijulikana usharikani. Siku za mavuno alipeleka kimoja kiwe sadaka, na baada ya ibada kilinadiwa nje ya kanisa pamoja na mahindi, maharage na kuku. Wazee walikipandisha bei kwa utani mpaka mnadishaji akachoka kucheka. Kitambaa cha madhabahu nacho kilikuwa na kingo alizozifuma yeye. Nikikaa kwenye benchi la watoto niliziangalia zile kingo kuliko nilivyomsikiliza mchungaji, nikihesabu vitanzi.

Nilikosea mara nyingi. Nikikosea nilitaka mkasi. Bibi hakunipa. "Usikate," alisema. "Fumua mpaka pale ulipokosea, halafu anzia hapo. Uzi hauna kinyongo, baba." Nilivuta, vitanzi vikafunguka kimoja kimoja, kazi ya jioni nzima ikarudi kuwa uzi mapajani mwangu. Nilikuwa nalia. Yeye alinitazama tu, akaniambia nianze.

Niliacha kufuma mwaka niliokuwa darasa la kipaimara. Vijana wenzangu walinikuta nyumbani na sindano mkononi, wakaniita bi harusi. Kwa wiki mbili jina hilo lilinifuata mpaka kwenye uwanja wa mpira. Niliificha sindano chini ya godoro na sikuigusa tena. Bibi aliniuliza mara moja tu kama nimechoka. Nikasema nina masomo mengi.

Miaka ilipita, nikachaguliwa kusomea udaktari wa meno Dar es Salaam, masomo ya miaka mitano. Tuliingia kwa alama zetu za kidato cha sita, fizikia, kemia na baiolojia. Hakuna aliyetazama mikono yetu. Wala sikuwaza kwamba mikono ina habari yoyote. Nilidhani daktari ni mtu wa kukariri vitabu, na kukariri nilikuweza.

Kisha tukapelekwa maabara, tukapewa kila mmoja kipande cha nta na kisu kidogo. Kazi ilikuwa kuchonga gego la kwanza la chini, lile ambalo mtoto huliota akiwa na miaka 6 hivi. Si kuchonga kitu kinachofanana na jino, bali jino lenyewe: vilele vitano, mabonde kati ya vilele, mbonyeo wa pembeni, mwanzo wa mizizi miwili, kila sehemu kwa kipimo chake. Gego langu la kwanza lilikuwa kama kiazi kilichoumwa na panya. La pili lilikuwa dogo kuliko la kwanza. La tatu lilivunjika.

Ndugu msomaji, huenda hujawahi kujiuliza daktari wako anafanyaje kazi kinywani mwako. Anafanya kazi mahali penye giza, penye mate, penye ulimi usiotulia. Meno ya juu mara nyingi hayaoni moja kwa moja. Huyatazama kwenye kioo kidogo alichokishika mkono wa kushoto, na kioo hugeuza mambo, cha mbele kikawa nyuma. Mkono wa kulia umeshika mashine inayozunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, ameishika kama kalamu, na kidole cha pete amekiegemeza kwenye jino la jirani ili mkono usiteleze. Gamba gumu la nje la jino, hata pale lilipo nene kabisa, ni kama milimita mbili na nusu tu. Ndani yake kuna tabaka jingine, na ndani zaidi kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kati ya kazi njema na madhara kuna nafasi ndogo kuliko punje ya mchele.

Nilifeli kazi za maabara mara tatu mfululizo. Nikaambiwa kwamba nikiendelea hivyo nitarudia mwaka. Nilifanya alichonifundisha mama yangu: nilifunga, nikaomba. Nilikesha na kikundi cha maombi cha wanafunzi, nikamwambia Mungu anipe mikono mipya. Niliomba kwa machozi na kwa imani. Asubuhi nikaenda maabara na mikono ile ile.

Siku moja mwalimu wetu alisimama mezani kwangu. Alikuwa mtu mzima, mpole, wa maneno machache. Aliniuliza, "Nje ya masomo, una kazi gani ya mikono unayoipenda? Kushona, kuchora, kupiga kinanda, kutengeneza baiskeli, chochote?" Wenzangu walikuwa wanasikiliza. Nikajibu, "Hakuna, mwalimu." Nililisema haraka, kama mtu aliyekuwa amelitayarisha. Hakuna jogoo aliyewika, lakini niliporudi bwenini nilijua nimemkana nani.

Likizo ilipofika nilienda Njombe. Nilimkuta bibi macho yamepungua nguvu. Nilimsalimu, "Kamwene, bibi," akaitikia, akanishika mikono kabla hajanishika uso. Alikuwa ameanza kingo za kitambaa kipya cha madhabahu na hawezi tena kuona vitanzi vizuri. Akaniambia, kama vile miaka yote ile haikupita, "Nimalizie."

Mikono ilikumbuka kabla mimi sijakumbuka. Kulia sindano nimeishika kama kalamu, kushoto uzi umepita kati ya vidole ukikazwa kwa kipimo, usilegee, usikabe. Nilifuma safu mbili. Safu ya tatu niliruka kitanzi kimoja, nikaona, nikaendelea. Nilijiambia hakuna atakayeona. Bibi alipapasa ukingo kwa kidole gumba, akafika pale pale. "Fumua," akasema.

Nilipokuwa navuta ule uzi ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinanipata maabara. Tatizo langu halikuwa vidole. Kila nilipokosea kwenye nta nilificha kosa. Nilibandika nta juu ya bonde lililopinda, nikapaka, nikakimbilia kilele kinachofuata. Sikuwa na uvumilivu wa kutazama kosa langu kwa dakika moja nzima. Nilikuwa naomba mikono mipya, na Mungu alikuwa amenipa mikono tangu nikiwa na miaka 7, pamoja na mwalimu wa kuifundisha. Mimi ndiye niliyeiweka chini ya godoro.

Nilirudi chuoni na sindano na mabonge mawili ya uzi. Jioni nilichonga nta, nikaiyeyusha, nikaichonga tena. Kabla ya kulala nilifuma nikiwa nimekaa kitandani, chumba kizima kikitazama. Walicheka siku tatu. Siku ya nne mmoja aliniomba nimfumie kofia ya mtoto wa dada yake. Mwisho wa muhula nilifaulu, si kwa alama za juu, lakini nilifaulu.

Hapa lazima nisema kweli, kwa sababu ushuhuda uliopambwa kupita kiasi haumsaidii mtu. Sisemi kwamba kila afumaye atakuwa daktari mzuri wa meno. Darasani kwetu alikuwepo kijana mpiga gitaa wa kwaya, vidole vyake kwenye nyuzi vilikuwa kama maji yanayotiririka, na bado kwenye nta alihangaika kama mimi. Alikuwepo binti aliyekua akisuka nywele za wadogo zake na za majirani. Yeye alielewa mapema, ila mwenyewe alisema kilichomsaidia ni kuzoea kukaa saa nne bila kuinuka. Na aliyekuwa bora kuliko sote hakuwa na kipaji chochote cha mikono alichokijua. Alikuwa anarudia tu, anarudia, anarudia.

Wakubwa wa taaluma hii nao wamelihangaikia swali hili. Kwa miaka mingi nchini Kanada, aliyeomba kusomea udaktari wa meno alipewa kipande cha sabuni na kisu, achonge umbo kwa vipimo alivyopewa. Marekani walitumia chaki, baadaye wakaiacha, wakaweka mtihani wa kupima jinsi mtu anavyoyatambua maumbo kwa macho. Watafiti wamewauliza wanafunzi kuhusu muziki, kushona, kuchora na michezo, wakalinganisha na alama zao za maabara, na majibu hayakubaliani. Wengine wameona uhusiano kidogo, wengine hawakuuona. Jambo linalojitokeza wazi zaidi ni kwamba mkono hujifunza kazi kwa kuifanya kazi hiyo, ukiwa na mtu wa kukusahihisha.

Basi burudani ya mikono inasaidia nini? Mimi nilidhani nimepata jibu kwenye kitambaa cha bibi. Nilikuwa nimepata nusu yake. Nusu ya pili niliipata kwa mgonjwa.

Nilikuwa mwaka wa nne. Wakati huo nilikuwa nasifiwa. Kazi zangu kwenye vichwa bandia zilikuwa safi, na wadogo zangu wa mwaka wa tatu waliletwa kuzitazama. Asubuhi hiyo alikuja mama mmoja muuza maandazi, gego la chini limetoboka, lakini halijafika kwenye kiini. Nilimchoma sindano ya ganzi, nikaanza kuondoa sehemu iliyooza. Tulikuwa tumefundishwa mara nyingi: ukikaribia chini, weka mashine kando, chukua kifaa cha mkono chenye ncha kama kijiko, ukwangue polepole. Niliijua sheria hiyo. Lakini mashine ilikuwa inakwenda vizuri, mkono umetulia, na wale wa mwaka wa tatu walikuwa nyuma yangu wanatazama. Nikaendelea na mashine.

Ikatokea nukta nyekundu. Ndogo, kama ncha ya pini. Nilikuwa nimegusa kiini.

Mwalimu msimamizi alikuwa kwenye kiti kingine, amenipa mgongo. Mama yule hakuhisi kitu kwa sababu ya ganzi. Wale wanafunzi hawakujua walichokiona. Ningeweza kufunika, kuziba, kuandika kwenye faili kwamba jino limezibwa, na mama akaenda zake akinishukuru. Nawaambia ukweli, niliwaza hivyo. Mkono wangu ulikuwa tayari umeanza kufikia pamba. Ndipo nikahisi kidole gumba cha bibi kinapapasa ukingo wa kitambaa na kusimama pale pale nilipoharibu.

Lakini safari hii hapakuwa na cha kufumua. Nta huyeyushwa, uzi huvutwa, jino halirudi. Ulichokiondoa hakioti tena.

Katika kitabu cha Yeremia kuna sura mbili zinazofuatana ambazo tangu siku hiyo siwezi kuzitenganisha. Katika sura ya 18 nabii anashuka nyumbani kwa mfinyanzi, anaona chombo kikiharibika mkononi mwake, naye mfinyanzi anakifinyanga upya kwa udongo ule ule. Wengi wetu tumesikia mahubiri juu ya sura hiyo. Katika sura ya 19 nabii anaambiwa anunue gudulia la udongo, alivunje mbele ya watu, na hilo haliwezi kutengenezwa tena. Udongo mbichi una nafasi ya pili. Uliokwisha kuchomwa ukivunjika, umevunjika. Maabara yetu ni sura ya 18. Kinywa cha mgonjwa ni sura ya 19. Mimi nilikuwa nimeingia sura ya 19 na majivuno ya sura ya 18.

Nilimwita mwalimu. Nilisema mbele ya wale wadogo zangu, "Mwalimu, nimetoboa kiini. Sikubadilisha kifaa." Alitazama, akaniagiza dawa ya kufunika, tukafanya kilichowezekana. Kisha akaniambia, "Mwambie mama mwenyewe."

Nilimwinua kiti, nikavua barakoa, nikamweleza. Nilimwambia jino lake huenda likatulia, huenda likauma na kuhitaji matibabu ya mzizi, na kwamba nilipaswa kwenda polepole kuliko nilivyokwenda. Mama alinyamaza. Mimi, kwa woga, nikataka kuongeza neno la faraja. Nikaanza kusema kwamba tumwachie Mungu. Akanikatisha.

"Mwanangu," alisema, mdomo bado mzito kwa ganzi, "Mungu usimweke hapo. Huo ni mkono wako."

Kisha akaniuliza arudi lini.

Alirudi mapema kuliko tarehe niliyompa, analia kwa maumivu, ametoka sokoni bila kuuza. Nilimtibu mzizi chini ya macho ya mwalimu, safari tatu, kila safari polepole. Siku ya mwisho aliniletea maandazi manne kwenye mfuko. Sikujua kama ni msamaha au ni tabia yake tu ya kutokuja mikono mitupu. Sikuuliza. Niliyala kwa heshima.

Nimeshatibu wagonjwa wengi tangu wakati huo, na maneno ya mama yule yamenifundisha dini kuliko makesha mengi. Nilikuwa nimemwomba Mungu mikono, na mikono ilipokosea nilitaka kumrudishia yeye. Lakini zawadi ikishapokelewa, kuitunza ni juu ya aliyepewa. Nisichoweza kukifumua kwenye jino la mtu, naweza kukifumua ndani yangu: kusema nimekosea wapi, kwa mpangilio, kitanzi kwa kitanzi, mpaka pale nilipoanzia kupotoka. Huko ndiko kutubu ninakokufahamu mimi.

Na burudani ya bibi, sasa nadhani najua ilikuwa na kazi gani. Haikunipa mkono usiokosea. Ilinipa mahali pa kukosea pasipoumiza mtu, nikajizoeza kulitazama kosa bila kulikimbia, ili siku ya kosa lisilofutika nisiwe mgeni wa jambo hilo. Kama nisingewahi kusikia neno "fumua" jikoni, siku ile ningefikia pamba.

Nimekuja kugundua jambo jingine lililonichekesha. Katika kitabu cha Kutoka, Mungu alipotaka hema la kukutania lijengwe, alimtaja Bezaleli wa kabila la Yuda, akampa Roho na ustadi wa kila kazi. Huyo tunamkumbuka. Aliwekewa msaidizi, Oholiabu wa kabila la Dani, na sura ya 38 inaeleza ufundi wake: alikuwa mchonga nakshi, tena mtia taraza kwa nyuzi za rangi. Mwanamume, mchongaji na mshonaji, mikono miwili ya aina moja. Laiti ningelijua jina hilo nilipokuwa darasa la kipaimara.

Bibi alilala katika Bwana nikiwa mwaka wa tano. Kitambaa tulichokimaliza pamoja kingali kinatandikwa madhabahuni siku za sikukuu. Nikienda nyumbani nakaa karibu na mbele. Kwenye ukingo wa kulia, safu ya tisa, kuna kitanzi nilichokiruka, ambacho hata kidole chake hakikukiona. Nakijua mimi peke yangu, na sasa ninyi.

Jumamosi kabla ya mazoezi ya kwaya nakaa na watoto wa usharika wetu kwenye ngazi za kanisa, wenye kupenda kufuma. Wapo wavulana wawili. Mmoja wiki iliyopita aliniomba mkasi.

Mzazi unayesoma haya, mtoto wako akikaa na uzi, na ukindu, na kisu na kipande cha mti, na gitaa bovu, usimwambie anapoteza muda wa masomo. Hujui Mungu anamwandalia kazi gani. Kaa naye. Akikosea, usimpe mkasi.